Kwa nini herufi haikuondoka: jibu kuhusu milinganyo miwili yenye x na y

Swali: Shikamoo Mwalimu. Ninajiandaa na mtihani wa kidato cha nne nikiwa mtahiniwa wa kujitegemea, na muda mrefu umepita tangu niache shule. Milinganyo miwili yenye x na y inanisumbua sana. Nikifuata mfano wa kitabuni ninaelewa, lakini nikifunga kitabu ninapotea. Kwa mfano, nilikuwa na 5x − 3y = 3 na 2x − 3y = −6. Niliona −3y zinafanana, nikatoa, nikapata 3x − 6y = −3, na herufi zote mbili zikabaki palepale. Nitajuaje lini nijumlishe na lini nitoe? Na maswali ya maneno ninayaanzia wapi?

Jibu: Marahaba. Umefanya vizuri kuniandikia mstari ulioufikia badala ya kuniambia tu kwamba umeshindwa, kwa sababu mstari huo unaonyesha waziwazi mahali kazi ilipoharibika. Hiyo 3x uliipata kwa kutoa, yaani 5x − 2x. Lakini −6y uliipata kwa kujumlisha −3y na −3y, na −3 ya upande wa kulia uliipata vilevile, kwa kujumlisha 3 na −6. Ndani ya mstari mmoja umefanya matendo mawili tofauti, na ndiyo maana y haikuondoka. Uamuzi wako wa kutoa ulikuwa sahihi kabisa. Kilichokuangusha ni alama ya hasi iliyokuwa ikisubiri katika mlinganyo wa chini.

Kutoa mlinganyo mzima maana yake ni kutoa kila kilichomo ndani yake pamoja na alama yake. Andika hivi, bila kuruka hatua:

(5x − 3y) − (2x − 3y) = 3 − (−6)

Mabano yakifunguliwa, −3y ya pili inageuka kuwa +3y, na −6 inageuka kuwa +6:

5x − 3y − 2x + 3y = 3 + 6
3x = 9
x = 3

Sasa chukua x = 3 uiweke katika mlinganyo wa kwanza: 15 − 3y = 3, kwa hiyo 3y = 12 na y = 4. Kisha hakiki kwa mlinganyo wa pili, ambao hukuutumia kutafuta y: 2(3) − 3(4) = 6 − 12 = −6. Imekubali.

Vitabu vingi hufundisha kanuni ya kukariri: alama zikifanana toa, zikitofautiana jumlisha. Kanuni hiyo ni ya kweli, ila mimi siipendi, kwa kuwa inamwacha mwanafunzi peke yake pale penye hatari zaidi, yaani kwenye kutoa hasi kutoka kwenye hasi. Ushauri wangu kwako ni kwamba uache kabisa kutoa. Kila mara jumlisha. Ukiona herufi unayotaka kuiondoa ina alama ileile katika milinganyo yote miwili, zidisha kwanza mmojawapo kwa −1, uuandike upya wote, ndipo ujumlishe. Swali lako lingekuwa hivi:

5x − 3y = 3
−2x + 3y = 6

Jumlisha kwenda chini: 3x = 9. Kazi ya kugeuza alama umeifanya mara moja, mahali pamoja, juu ya karatasi ambapo unaweza kuikagua, badala ya kuifanya kichwani mara tatu huku unatafuta jibu.

Tatizo hili la alama si lako peke yako, wala si la leo. Wachina wa enzi ya utawala wa Han walikuwa tayari wakitatua milinganyo ya namna hii kwa kupanga vijiti vya kuhesabia kwenye safu, na katika maelezo ya mwanahisabati Liu Hui ya mwaka 263 tunasoma kwamba vijiti vyekundu viliwakilisha namba chanya na vyeusi namba hasi. Waliona umuhimu wa kuitenga hasi ionekane kwa macho. Nawe unaweza kufanya hivyohivyo: wakati wa mazoezi, andika kila namba hasi kwa kalamu ya rangi nyingine mpaka mkono uzoee.

Kabla ya kuendelea na mbinu, ni lazima tulimalize jambo lililo chini yake, kwa sababu ninahisi ndilo linalokufanya upotee kila unapofunga kitabu. Mlinganyo mmoja wenye herufi mbili hauna jibu moja, bali una majibu yasiyo na mwisho. Chukua 2x − 3y = −6. Jozi ya x = 0 na y = 2 inaukubali. Jozi ya x = 3 na y = 4 inaukubali. Ya x = 6 na y = 6 inaukubali, na hata ya x = −3 na y = 0. Ukizichora jozi hizo kwenye karatasi ya grafu, zote zitakaa juu ya mstari mmoja ulionyooka. Mlinganyo wa pili, 5x − 3y = 3, nao una jozi zake: x = 0 na y = −1, x = 3 na y = 4, x = 6 na y = 9, na kuendelea. Huo ni mstari mwingine. Swali linapokwambia utatue milinganyo hiyo kwa pamoja, linakuuliza kitu kimoja tu: ni jozi gani iliyomo katika orodha zote mbili? Ni ile ya 3 na 4, mahali ambapo mistari hiyo miwili inakatana.

Ukilishika hilo, utaona kwa nini tunaruhusiwa kujumlisha mlinganyo mmoja na mwingine. Kwa ile jozi tunayoitafuta, upande wa kushoto wa mlinganyo wa pili na upande wake wa kulia ni namba ileile. Kwa hiyo tunapoongeza upande wa kushoto huku na wa kulia kule, tumeongeza kiasi kilekile pande zote, na usawa haukuvunjika. Mlinganyo mpya tunaoupata ni wa kweli kwa jozi hiyo, na tumeupanga kwa makusudi ili herufi moja ipotee. Mstari wako wa 3x − 6y = −3, kwa upande mwingine, haukuwa tu mstari usiosaidia; ulikuwa wa uongo. Weka 3 na 4 ndani yake upate 9 − 24, yaani −15, ambayo si −3.

Sasa tuje pale ambapo namba za mbele ya herufi hazifanani. Chukua:

5x + 6y = 8
3x − 4y = 20

Unaweza kuondoa herufi yoyote, lakini usichague kwa mazoea ya kuanza na x. Tazama kwanza alama. Hapa y zina alama tofauti, jambo linalotuokoa na kazi ya kugeuza, na Kigawe Kidogo cha Shirika cha 6 na 4 ni 12, ambacho ni kidogo kuliko 15 tunayoipata kwa x. Kwa hiyo tunaondoa y: mlinganyo wa kwanza tunauzidisha kwa 2, na wa pili kwa 3.

10x + 12y = 16
9x − 12y = 60

Jumla yake ni 19x = 76, kwa hiyo x = 4. Ukiirudisha juu: 20 + 6y = 8, basi 6y = −12 na y = −2. Hakiki kwa wa pili: 12 − (−8) = 20. Sawa.

Kosa ninalolisahihisha mara nyingi zaidi hapa ni la kuzidisha upande wa kushoto na kuuacha wa kulia kama ulivyokuwa. Mwanafunzi anaandika 10x + 12y = 8 na 9x − 12y = 20, anajumlisha, anapata 19x = 28, halafu anaendelea na sehemu mbaya ya 28 juu ya 19 kana kwamba hakuna kilichotokea. Jibu lenye sehemu si lazima liwe kosa, lakini katika maswali ya kiwango chako, ukiona sehemu ya namna hiyo, simama kwanza urudi kutazama hatua ya kuzidisha kabla hujapoteza dakika nyingine kumi.

Ipo njia ya pili, ya kuweka herufi moja kwa namna ya nyingine, na watahiniwa wengi huiogopa bila sababu. Ninaitumia pale tu ambapo herufi moja inasimama peke yake au ina namba 1 mbele yake. Kwingineko inazalisha sehemu zisizo na faida. Tuseme tumepewa y = 2x − 5 na 7x − 2y = 19. Mlinganyo wa kwanza umekwisha kukuambia y ni kitu gani, kwa hiyo popote unapoiona y katika wa pili, weka 2x − 5, na uiweke ndani ya mabano:

7x − 2(2x − 5) = 19
7x − 4x + 10 = 19
3x = 9
x = 3, na y = 2(3) − 5 = 1

Mabano hayo ndiyo roho ya njia nzima. Bila mabano utaandika 7x − 4x − 5, au hata ukiyaandika utapata −10 badala ya +10 kwa kusahau kwamba −2 inazidisha −5 pia. Jihadhari vilevile usirudishe ulichokipata ndani ya mlinganyo uleule ulikotoka. Kama umeuchukua mlinganyo mmoja, ukaupanga upya ili upate y, kisha ukaiweka hiyo y ndani ya mlinganyo huohuo, utapata 0 = 0, na utakaa ukiishangaa. Hujakosea hesabu, umeuliza swali moja mara mbili.

Swali likija na sehemu, kama x/2 + y/3 = 4, usihangaike nazo mpaka mwisho. Zidisha kila kitu kwa 6 uupate 3x + 2y = 24, na uendelee kama kawaida. Desimali nazo ziondoe mwanzoni kwa kuzidisha kwa 10 au 100.

Mara chache utakutana na milinganyo isiyotaka kutatulika, na ni vizuri ujue inavyofanana ili usidhani umekosea. Jaribu 2x + 4y = 10 na 3x + 6y = 12. Zidisha wa kwanza kwa 3 na wa pili kwa −2, kisha jumlisha: herufi zote mbili zinatoweka na unabaki na 0 = 6. Hilo haliwezekani, na maana yake ni kwamba hakuna jozi inayoikubali milinganyo yote miwili. Ukiichora utapata mistari sambamba. Kama namba ya mwisho katika mlinganyo wa pili ingekuwa 15 badala ya 12, ungepata 0 = 0, kwa sababu mistari hiyo miwili ingekuwa mstari mmoja ulioandikwa kwa sura mbili, na kila jozi iliyo juu yake ni jibu. Unaweza kuligundua hili kabla ya kuanza kazi: zidisha namba za mbele ya herufi kimshazari, 2 × 6 na 4 × 3. Zikilingana, ujue hakuna jozi moja pekee. Tofauti ya mazao hayo mawili utakutana nayo tena kwenye matriki, ambako ikiwa sifuri matriki haina kinyume, na huko utaona kwamba ni jambo hilihili limevaa nguo nyingine.

Nimeacha maswali ya maneno hadi hapa kwa kuwa ugumu wake hauko kwenye kutatua, bali kwenye kuandika milinganyo yenyewe. Tazama swali hili: katika kituo kimoja kuna bodaboda na bajaji, jumla vyombo 14, na magurudumu yote ukiyahesabu ni 34, bodaboda ni ngapi na bajaji ni ngapi? Wengi huandika haraka "b = bodaboda, j = bajaji". Sentensi hiyo fupi ndiyo inayowaharibia kazi. Herufi katika aljebra haiwakilishi kitu, inawakilisha namba. Bodaboda ni pikipiki, haiwezi kujumlishwa wala kuzidishwa. Andika kwa ukamilifu: b ni idadi ya bodaboda, j ni idadi ya bajaji. Hapo mlinganyo wa kwanza unajitokeza wenyewe, b + j = 14. Wa pili unahusu magurudumu: kila bodaboda ina mawili, kwa hiyo bodaboda b zina magurudumu 2b, na bajaji j zina 3j. Basi:

b + j = 14
2b + 3j = 34

Zidisha wa kwanza kwa −2, jumlisha, upate j = 6, na kwa hiyo b = 8. Hakiki ndani ya habari yenyewe, si ndani ya milinganyo uliyoiandika, kwa sababu huenda milinganyo hiyo ndiyo iliyokosewa: bodaboda 8 zina magurudumu 16, bajaji 6 zina 18, jumla 34. Mtu aliyeichukua b kuwa ni "bodaboda" angeisoma 2b kuwa "bodaboda mbili", na asingeona magurudumu yameingiaje.

Kosa hilohilo la herufi kuchukuliwa kuwa kitu linajificha mahali pengine pabaya zaidi. Ukisoma kwamba idadi ya bodaboda ni mara tatu ya idadi ya bajaji, mkono unataka kuandika 3b = j, kwa kufuata mpangilio wa maneno. Pima kwa namba ya kubuni: kama bajaji ni 5, bodaboda zinapaswa kuwa 15. Weka namba hizo katika 3b = j upate 45 = 5, ambayo ni upuuzi. Mlinganyo sahihi ni b = 3j; ile tatu inakwenda upande wa kilicho kichache ili kukikuza kifikie kingine. Kipimo hiki cha namba ya kubuni kinachukua sekunde chache, na ningependa ukifanye kila unapokutana na "mara mbili ya", "nusu ya" au "zaidi ya ... kwa".

Maswali ya umri yanahitaji uangalifu wa aina yake. Kwa mfano: miaka mitano iliyopita umri wa mama ulikuwa mara nne ya umri wa mwanawe, na miaka tisa ijayo utakuwa mara mbili ya umri wa mwanawe, tafuta umri wao wa sasa. Amua kwamba m na w ni umri wa sasa, kwa miaka, na usibadilishe uamuzi huo katikati. Miaka mitano iliyopita wote wawili walikuwa wadogo kwa miaka mitano, kwa hiyo tunaandika m − 5 = 4(w − 5), na si m − 5 = 4w − 5. Miaka tisa ijayo: m + 9 = 2(w + 9). Fungua mabano, panga herufi upande wa kushoto:

m − 4w = −15
m − 2w = 9

Zidisha wa kwanza kwa −1 na ujumlishe: 2w = 24, kwa hiyo w = 12 na m = 33. Miaka mitano iliyopita walikuwa na 28 na 7. Miaka tisa ijayo watakuwa na 42 na 21. Habari zote mbili zimetimia.

Kuhusu mazoezi, kwa kuwa huna mwalimu karibu, usitegemee mifano iliyotatuliwa kitabuni. Ukisoma mfano uliotatuliwa unakubali kila hatua kwa sababu mtu mwingine amekwisha kuichagua. Mtihani unapima kuchagua. Tunga maswali yako mwenyewe kwa kuanzia mwisho. Chagua jozi, tuseme x = −2 na y = 5, kisha buni upande wa kushoto wowote, kama 3x + 2y, na ukokotoe upande wa kulia: −6 + 10 = 4. Buni mwingine, kama x − 4y, upate −22. Tayari una swali lenye jibu unalolijua. Tunga kadhaa jioni moja, uyaweke kando bila majibu, na uyatatue siku nyingine ukiwa umeyasahau. Katika kila swali hakikisha angalau namba moja ni hasi, kwa kuwa maswali yenye chanya tupu yatakupa matumaini ya uongo.

Anza na hili, ambalo limetungwa kwa ajili ya udhaifu ulionionyesha:

7x − 4y = 2
3x − 5y = 14

Ondoa y. Zidisha wa kwanza kwa 5 na wa pili kwa −4, yaani kuzidisha na kugeuza alama kwa mkupuo mmoja, kisha jumlisha. Unapaswa kufika kwenye 23x = −46, na jozi ni x = −2 na y = −4. Ukijikuta na 23x = 66, rudi kwenye ile 14 ya upande wa kulia: uliizidisha kwa 4 ukasahau alama ya hasi. Na ukijikuta na 47x pamoja na −40y, umezidisha kwa 4 pande zote bila kugeuza alama, ambalo ni kosa lilelile la swali lako la kwanza.